Mtazame kwa Jicho la Mfugaji

Ilikuwa saa kumi alasiri, mtaani Bula Pesa, na upepo wa Isiolo umeshaanza kutia vumbi mpaka ndani ya sufuria. Nilikuwa mkekani nasuuza mitungi ya maziwa ya ngamia, ile ya plastiki ya manjano, na mwanangu nimemketisha kwenye kona ya ukuta, gunia la mchele lililokunjwa likimshikilia ubavuni. Ana miaka minne. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ngumi tangu akiwa mchanga, vidole vimejikunja, kidole gumba kimefichwa ndani. Kifuniko cha mtungi kikaniponyoka, kikabingirika, kikalala karibu na goti lake.

Ngumi ikafunguka. Kidole cha shahada kwanza, kisha vingine, polepole kama mtu anayefungua fundo la kamba iliyolowa, hadi kidole gumba nacho kikatokea. Akakigusa kifuniko. Akakishika. Kikamponyoka.

"Mbona walia, mama?" jirani akaniuliza. "Si kifuniko tu?"

Wallahi hakikuwa kifuniko tu. Ilikuwa ni asubuhi baada ya asubuhi za kuukanda mkono ule kwa mafuta ya simsim, kuunyoosha, kuuweka juu ya kitu cha baridi, cha moto, cha kukwaruza, na yeye kunitazama kana kwamba mkono ule si wake. Kabla ya hapo nilishaambiwa katika kituo kimoja cha afya nimpeleke nyumbani, nimlishe, nishukuru yu hai. Nikarudi naye mgongoni nikiwa nimeshaamini kwamba hapana kitakachobadilika. Kuamini hivyo kulinipofusha miezi mingi. Ukishajiambia hakuna cha kuona, hutazami.

Mzazi mwenzangu, wewe mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo, wa usonji, wa hali ya Down, au ambaye hata jina la hali yake hujapewa bado: hapa kwetu tuna macho makali. Mchungaji akisimama langoni jioni mbuzi wakirejea, anamtambua anayechechemea kabla hajafika boma. Ngamia akipunguza kula siku moja tu, mwenyewe ameshajua. Hakusomea popote. Anajua kwa sababu amemtazama mnyama yule jana, juzi na siku za nyuma, na anamlinganisha na yeye mwenyewe. Mtoto wetu je? Tunamtazama kwa jicho la kuazima. Tunampima na mtoto wa shemeji aliyezaliwa mwezi mmoja naye, ambaye sasa anakimbiza mpira hadi barabarani.

Hata hao wasio na tatizo hawaendi sawa. Shirika la Afya Duniani lilipochapisha vipimo vyake mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, lilikuta wengine wanatembea peke yao wakiwa na miezi 8 hivi, na wengine karibu miezi 18. Tofauti ya karibu miezi 10, na wote wazima! Simwambii mtu akae angoje. Mtoto akipitiliza umri huo, apelekwe akaangaliwe, na mapema ndiyo bora. Ninachokataa ni kumfanya mtoto wa mwenzio kuwa rula ya wako.

Mtindio wa ubongo ni jeraha la ubongo ukiwa bado unakua: pengine mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, pengine manjano ilimzidi, pengine homa ya uti wa mgongo. Jeraha lenyewe haliongezeki. Na ubongo mchanga hujifunza kwa kurudiarudia, sehemu zilizo nzima zikibeba baadhi ya kazi ya sehemu iliyoumia. Ndiyo maana zoezi la dakika kumi unalofanya wakati wa kumwogesha, wakati wa uji, wakati wa kumvisha, lina nguvu kuliko safari moja ya hospitali kwa mwezi. Mama wa Merti au Garba Tulla hawezi kumfikia mtaalamu mjini kila wiki. Lakini mkono wa mtoto anao kila siku.

Basi weka kumbukumbu. Kama waandika, nunua daftari. Kama huandiki, piga picha kwa simu, au tia kokoto kwenye kopo kila anapofanya jambo jipya: amegeuza shingo aliposikia adhana, amemeza uji bila kupaliwa, amekutazama machoni ukahesabu hadi tatu. Kuna wakati kopo litakaa bila kuongezeka. Wangu alipata homa na degedege, akasahau kuketi, nikaanza upya kwenye kona ileile, gunia lilelile. Siku hizo nilimwaga kokoto mkekani nikazihesabu. Zilikuwa kumi na tisa. Nikainuka.

Tena usimfiche. Vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vile vya EARC, vilianza Kenya mwaka 1984. Nenda ofisi ya elimu uulize. Mwandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutoitwa kwa namna ya kumdhalilisha. Kwa hiyo anayemwita mwanao zezeta mlangoni pako anakwenda kinyume cha sheria kuu ya nchi. Mwambie hivyo, kwa adabu, lakini mwambie.

Jirani yangu yule siku hizi akipita huuliza, "Kijana amefanya nini leo?" Nami nina la kumjibu. Jana aliinua kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nusu ilimwagika kifuani, nusu akainywa. Wewe kesho asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, mtoe wako nje, mketi naye mkekani mahali watu wanapopita, umtazame.