Wazee Wao Wanakwenda, Wazee Wetu Je?

Likitajwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, wengi tunawakumbuka vijana wawili wawili wenye shati jeupe, tai na beji nyeusi kifuani. Wasiozungumzwa sana ni wazee wao. Kanisa hilo, lenye makao makuu Salt Lake City, Marekani, hutuma mume na mke waliokwisha kustaafu kwenda nchi za mbali kwa miezi 6, 12, 18 au hata 23. Hawalipwi mshahara. Wanajigharamia kwa pensheni na akiba zao. Mwaka 2011 kanisa liliwawekea kikomo cha gharama za makazi, dola 1,400 kwa mwezi, ili gharama zisiwazuie wengine. Aliyekuwa mhasibu anashika hesabu za ofisi, mwalimu anafundisha, muuguzi anawafunza wakunga kumsaidia mtoto mchanga apumue.

Si wao peke yao. Mwaka 1966 Bi Lillian Carter, mama yake Jimmy Carter aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alikwenda India na Peace Corps kufanya kazi ya uuguzi. Alikuwa mjane wa miaka 68.

Wanafunzi wangu huniuliza: watu hawa tuwasifu au tujihadhari nao? Jibu jepesi ni kwamba wana ajenda. Ni kweli, kanisa linataka waumini, wala halifichi. Lakini na sisi katika mafungu manane ya zaka, kwenye Suratut Tawba, limo fungu la wanaotiwa nguvu nyoyo zao. Basi kutoa msaada huku ukitamani mtu aione dini yako si kosa lenyewe. Ubaya unaingia pale mwenye njaa anapowekewa sharti, au anapofichwa anachotakiwa. Kisima ambacho huchoti mpaka uhudhurie ibada hakiitwi sadaka, hiyo ni biashara ya shida za watu. Na kipimo hicho kitupime na sisi, tunaowapanga mayatima mstari mbele ya kamera kabla hawajapewa mchele.

Kusifu tendo si kukubali itikadi. Madai ya utume wa Joseph Smith hayana nafasi kwetu, maana utume umekhitimishwa kwa Muhammad (s.a.w.). Lakini ni Mtume huyo huyo aliyeusifu mkataba wa Hilful Fudhul, ulioafikiwa Makka kabla ya Uislamu kumtetea aliyedhulumiwa, akasema angeitwa kwenye jambo kama lile hata baada ya Uislamu angeitikia. Wema haukumpotezea thamani kwa kufanywa na washirikina.

Sasa tuje kwetu. Mtumishi wa umma Tanzania anastaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Mafao yanamalizia nyumba, yanalipa ada za wajukuu, yakibaki anafikiria Hijja. Simlaumu. Pensheni ya mwalimu wa Temeke si ya mhasibu wa Utah, na kulea wajukuu walioachwa ni ibada kubwa. Ninachokikataa ni ile fikra kwamba mzee kazi yake imebaki tasbihi na baraza. Suratul Hijr inaamrisha ibada mpaka yakini ifike, nayo wafasiri wamesema ni mauti. Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) alifariki akiwa mzee sana katika msafara wa Konstantinopoli, na kaburi lake liko Istanbul mpaka leo. Na katika zama zetu, Dk. Abdulrahman al-Sumait wa Kuwait, aliyefariki mwaka 2013, aliacha kazi ya hospitali akaihudumia Afrika kwa visima, shule na zahanati tangu mwaka 1981, mkewe akiwa pamoja naye.

Wala si lazima kupanda ndege. Shule zetu nyingi za Kiislamu zinahangaika kupata walimu wa Fizikia na Hisabati, na mwalimu mstaafu wa Fizikia anakaa mtaa wa tatu kutoka shuleni, hajabishiwa hodi. Kosa si lake. Wenzetu wana ofisi inayomuuliza mstaafu anajua nini, ana afya gani, anaweza kukaa muda gani, kisha inampangia pa kwenda. Sijaona msikiti wenye daftari la wastaafu wake na taaluma zao. Kamati humkumbuka anapopata mafao, kwa ajili ya mchango wa paa.

Na wanawake ndiyo kabisa. Wale wanatumwa mke na mume, kila mmoja na kazi yake. Sisi tunaye muuguzi mkuu mstaafu, mama aliyezalisha nusu ya mtaa, na siku ya shughuli msikitini tunampa kazi ya kusimamia pilau.