Wanaotutunza kwa Kimya

Wapenzi wakatekumeni, kila tarehe 1 Desemba twamkumbuka Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, Sista wa Jamaa Takatifu, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 kwa kuwa alikataa kuvunja nadhiri yake ya usafi. Kifo chake chajulikana po pote. Lakini je, siku zake za Bafwabaka? Huko alifundisha watoto, alitunza sakristia, alisaidia jikoni. Masista wenzake walikula, wakashiba. Nani aliyehesabu sahani alizoosha?

Basi tazameni na ninyi. Mnapotoka vijijini kuja Kisangani kwa mafundisho, nani hubaki na mtoto wenu mwenye homa? Nani huwapa mkeka, akateka maji kabla hamjaamka? Mara nyingi ni mama Mkristu asiyesimama mbele kanisani, wala jina lake halisomwi. Bwana Wetu Yesu Kristu ameahidi kwamba hata kikombe kimoja cha maji ya baridi hakitakosa thawabu. Ahadi hiyo haituondolei sisi deni la shukrani. Nami mwenyewe nimechelewa kulilipa mara nyingi. Jumapili hii, kabla ya kushika njia ya kwenu, ingieni uani kwake, mkamsalimu kwa jina lake, mkamtekee maji.