Mdaiwa Akiwa Ndiye Mwandishi wa Deni

Twapenda leo kuwawekea ndugu zetu wasomaji suala lililozuka katika darasa yetu ya usiku wa Alkhamisi. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini alikuwa amepata kiinua mgongo chake, na mwanawe akamwonyesha kwenye simu kwamba kwa shilingi 50,000 mtu aweza kuikopesha serikali kwa kununua hati ya dhamana, yaani bondi, kupitia mtambo wa Benki Kuu uliozinduliwa mwaka 2023. Mtambo huo wameupa jina la Dhow. (Sisi tuliozaliwa tukiona majahazi ya kweli yakitia nanga Bandari ya Kale hatukuwa na la kusema ila kucheka.)

Mzee hakutuuliza kama riba ni haramu. Hilo alilijua kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Alilouliza ni hili: "Nisiponunua, je, nitakuwa nimetoka? Kodi ninayotozwa katika mafuta ya taa na katika salio la simu yaenda kulipa riba ya wale walionunua. Wao wala, nami nalipa. Basi aliye nje ya riba ni nani?"

Pale pale tukagawanyika. Wako waliosema kwamba mambo ya deni la serikali na masoko yake ni kazi ya wataalamu wa Nairobi, wala mtu wa Mombasa au Lamu hana la kufanya ila kuomba dua. Na wako waliosema kwamba maadamu jengo lote limesimama juu ya riba, Muislamu hana haja ya kuuliza limejengwaje wala nani alilisimamia; na liporomoke. Kauli ya pili yasikika kuwa ya kishujaa, lakini sisi twaona kauli zote mbili zina mlango mmoja wa nyuma, nao ni kukimbia ushahidi.

Ndugu msomaji, zingatia kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani si ya sala wala ya jihadi. Ni aya ya deni, katika Suratul Baqara. Maana yake, kwa ufupi, ni kuwa deni la muda liandikwe, aandike mwandishi mwadilifu asiyeegemea upande, anayedaiwa ndiye asome maneno ya kuandikwa, wala asipunguze chochote, wawepo mashahidi, na mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Hayo yote yameamrishwa katika deni lisilo na riba, baina ya watu wawili wanaojuana, pengine majirani. Ikiwa deni la halali la magunia mawili ya tende lataka mwandishi mwadilifu na mashahidi, vipi deni la watu milioni hamsini na zaidi lisitake? Na uharamu wa riba haukumwondolea shahidi wajibu wake. Anayeona mtu akila nyamafu huku akimnyang'anya yatima sahani hawezi kusema, "Mimi simo, kwa kuwa nyama yenyewe si halali."

Tena twakumbuka khabari mashuhuri ya Mtume (s.a.w.), kwamba mwanzoni alikuwa akiletewa maiti mwenye deni asilolichia malipo hamsalii yeye mwenyewe, huwaachia masahaba, mpaka Abu Qatada akasimama akalidhamini deni la mmoja wao. Baadaye, Mwenyezi Mungu alipofungua milango ya kheri, Mtume akatangaza kwamba muumini akifa na deni, malipo ni juu yake yeye. Wanazuoni wengi wakaona hapo kwamba hazina ya umma ndiyo ibebayo deni la mnyonge aliyekufa hana kitu. Hebu sasa geuza macho uitazame hali yetu. Leo mnyonge ndiye abebaye deni la hazina. Mtoto aliyezaliwa jana Kisauni kakuta deni la nchi lililopita shilingi trilioni 11 katika mwaka 2025, na hakuna Abu Qatada aliyeulizwa kama atasimama kumdhamini.

Wenye serikali watajibu kwamba sheria zipo. Ni kweli zipo, na katika maneno yake baadhi ni nzuri hasa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 201, yataka mzigo na faida ya mikopo ya umma igawanywe kwa haki baina ya kizazi cha leo na kijacho. Kifungu cha 214 chaliweka deni la umma juu ya Mfuko Mkuu wa Serikali, maana yake wanaodai hulipwa kwanza, na mwalimu na muuguzi hungoja. Yuko Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, iko Benki Kuu iuzayo hati kwa niaba ya Hazina, iko Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliyoundwa mwaka 1989, na liko Bunge liwekalo mpaka wa kukopa.

Na tulitazame hilo la mpaka, kwani hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mpaka wa kwanza ulikuwa deni lisizidi nusu ya pato la nchi kwa mwaka, kwa thamani ya leo ya malipo yajayo. Mwaka 2019 deni lilipoukaribia, mpaka huo ukaondolewa, ukawekwa mwingine wa shilingi trilioni 9. Mwaka 2022 huo nao ukawa mdogo, ukafanywa trilioni 10. Mwaka 2023 ikaonekana kwamba trilioni 10 nazo zimefikiwa, basi wakarudi kwenye hesabu ya sehemu ya pato, safari hii asilimia 55. Na kwa kuwa deni lilikwisha kuipita hata hiyo, serikali ikapewa miaka 5 ya kurudi ndani yake. Mwenye ng'ombe asogezaye ua kila ng'ombe anapofika uani hana ua. Ana kamba tu ya kuandamia ng'ombe.

Hapa twauliza suala la wazi: je, yajuzu mdaiwa kuwa ndiye kadhi wa deni lake? Ukitazama sana utaona serikali katika soko hili ina nafasi tatu kwa pamoja. Ni mkopaji aliye mkubwa kuliko wote, ni mtunga sheria ya kukopa, na ni msimamizi wa wakopaji wengine. Mfanyabiashara akitaka kuuza bondi kwa watu hulazimishwa kutoa waraka ulioeleza hesabu zake, madeni yake na hatari zake. Ni sheria njema. Lakini serikali ilipokopa kwa Benki ya Exim ya China mwaka 2014 kujenga reli ya kutoka hapa Mombasa, mkataba ulitiwa sharti la siri. Reli ikafunguliwa mwaka 2017, makasha yakapakiwa magarimoshi kwenda Nairobi, na madereva na matarishi wa malori wa mji huu wakakaa vibarazani bila kazi, ilhali hapana hata mmoja wao aliyeruhusiwa kuusoma ukurasa wa kwanza wa deni lililomfunga. Ilibidi watu wawili washtaki, na Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamua mwaka 2022 kwamba wapewe karatasi. Novemba ya mwaka huo baadhi ya mikataba ikatolewa. Baadhi, si yote. Deni liliandikwa, naam, lakini mashahidi walifungiwa nje ya mlango.

Wala hatari ya jambo hili si ya kubuni. Misri chini ya Khedivu Ismail, aliyetawala kutoka 1863 hata 1879, ilikopa London na Paris kwa majumba, mifereji na fahari, na hapakuwa na mtu wa kumwambia basi. Mwaka 1875 aliuza hisa za Misri za mfereji wa Suez kwa Waingereza kwa karibu pauni milioni 4. Mwaka wa pili, 1876, wakopeshaji wakaundiwa ofisi yao mjini Cairo ya kupokea mapato ya nchi kabla ya Mmisri mwenyewe. Na mwaka 1882 majeshi ya Kiingereza yakaingia. Fellahi aliyekamuliwa kodi hakuiona hata hati moja ya zile zilizouzwa kwa jina lake.

Sasa tuje kwa mwandishi mwadilifu. Mwaka 2015 Imperial Bank ilipewa ruhusa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kukusanya shilingi bilioni 2 kwa bondi. Watu wakatoa. Tarehe 13 Oktoba, siku ile ile bondi ilipokuwa ianze kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, Benki Kuu ikaifunga benki hiyo, baada ya wakurugenzi wake wenyewe kupeleka khabari za udanganyifu uliokuwa ndani. Haukupita muda, Aprili 2016, ikafuata Chase Bank, ambayo ilikusanya bilioni 4.8 kwa bondi yake mwaka uliotangulia. Zilitolewa hesabu mpya zilizoonyesha mikopo kwa wakubwa wa benki kuwa mingi kuliko ilivyotangazwa kwanza. Wengi katika wasomaji wetu walikuwa na akiba huko, kwa kuwa benki hiyo ilikuwa na mlango wa Kiislamu. Mhuri wa serikali ulikuwa juu ya karatasi zote. Mhuri huo ulimwambia mnunuzi kwamba karatasi zimetimia. Yeye alidhani umemwambia kwamba maneno yaliyomo ni ya kweli. Baina ya mambo mawili hayo ndimo ilimozama akiba ya watu, nasi twaona msimamizi aliyejua kuwa watu huelewa vibaya mhuri wake, akanyamaza, ana sehemu yake katika lawama.

Haitakuwa insafu tukitaja mabaya peke yake. Tangu mwaka 2007 sheria ya mabenki Kenya yakataza riba ya deni lililoshindikana kulipwa isizidi asli ya deni lililobaki. Sisi twaamini riba, ndogo na kubwa, ni haramu. Lakini tulipoisoma sheria hiyo tuliikumbuka aya inayokataza riba ya maradufu juu ya maradufu, tukasema alhamdulillahi hata kwa hilo. Vile vile sheria ya mwaka 2021 na kanuni za 2022 ziliwatia wakopeshaji wa kwenye simu chini ya Benki Kuu, na kuwakataza ule ufisadi wao wa kumpigia simu mamamkwe wa mdaiwa na imamu wake ili kumfedhehi. Mdaiwa ana sitara. Hilo ni katika adabu zetu kabla halijawa sheria.

Lakini huruma nayo yataka akili. Mwaka 2016 Bunge liliweka mpaka wa riba za mabenki, zisizidi alama 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Watu walifurahi, nasi tulifurahi. Mabenki yakafanya nini? Yakamwacha mwenye duka, yakaenda kununua hati za serikali, ambayo hulipa bila kusumbua. Novemba 2019 mpaka ukaondolewa. Kwa miaka hiyo mitatu mchuuzi wa Marikiti alikuwa na haki ya mkopo wa rahisi katika kitabu cha sheria, na mkopo wenyewe hakuupata. Akaangukia mikononi mwa hao wa simu. Na aliyepata faida ya fedha zilizomkimbia mchuuzi ni nani? Ni mkopaji yule yule aliyeketi katika kiti cha mtunga sheria.

Kijana mmoja katika darasa, mwalimu wa hesabu, alipinga kwa adabu. Alisema soko lenyewe ni msimamizi tosha: serikali ikikopa kwa upumbavu, wakopeshaji hupandisha bei. Akatoa ushahidi. Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 katika soko la nje, na sehemu ya miaka 10 ilikuwa kwa asilimia 6.875. Februari 2024, siku ya kulilipa deni hilo ilipokuwa yakaribia, ikakopa bilioni 1.5 nyingine kusaidia kulilipa, kwa asilimia 9.75. Hiyo, akasema, ndiyo bakora ya soko.

Twamshukuru kwa hesabu zake, nazo ni sahihi. Ila bakora hiyo yampiga nani? Waliokopa mwaka 2014 wengi wao hawamo tena ofisini. Mwezi Juni 2024 ulipoletwa mswada wa kodi mpya, vijana waliotoka njiani nchi nzima, na waliouawa, walikuwa watoto wa shule wakati deni lile lilipotiwa saini. Adhabu iangukayo juu ya asiyekosa haimrekebishi mkosaji. Msimamizi wa kweli humshika mkopaji mkono kabla ya saini, akiwa bado na jina na cheo.

Kuhusu sukuk, ambazo ndugu wengi hutuuliza, twasema machache tu. Sheria ya kodi ilizitambua mwaka 2017, na mwaka 2023 ikatolewa ya kwanza iliyoidhinishwa, ya shilingi bilioni 3, kwa ujenzi wa nyumba. Ni mlango, na twapenda wanazuoni waukague. Lakini kubadili jina la karatasi hakumfanyi mwandishi kuwa mwadilifu, na sukuk yenye mkataba wa siri itatudhuru kama bondi.

Tulipofika hapa mzee alituambia kwamba hajajibiwa. Ni kweli. Tulimwambia kwamba, kwa tuonavyo, asinunue. Na kwamba kutonunua kwake ni nusu tu ya kutoka, kwa sababu kodi anayotozwa kwa nguvu haimo katika khiyari yake, bali kunyamaza kumo. Akatuuliza anyamazue vipi mtu wa miaka sabini. Hapo ndipo mwalimu wa hesabu, yule yule aliyetupinga, alipotoa kalamu. Barua imekwisha andikwa kwa mjumbe wetu wa Bunge, kuomba karatasi zilizosalia za mkopo wa reli, na kuuliza ni nani aliyekuwa shahidi kila mpaka wa deni ulipobadilishwa. Mzee ametia saini wa kwanza. Nakala iko msikitini kwa karani wa darasa, kwa atakaye kuisoma na kutia yake kabla ya Alkhamisi ijayo.