Unga Haukuja Peke Yake

Wajukuu zangu wa Kariakoo, nyinyi mnaofungua vibanda Mtaa wa Kongo kabla jua halijapanda, mnaosukuma maguta kutoka Msimbazi mpaka Gerezani, mnaopanga viatu na vitenge Sikukuu na Aggrey, nawaandikia nyinyi kwanza, wazazi wenu baadaye. Mama hujua mwanawe anatumia unga pale sufuria na pasi zinapoanza kupotea ndani. Nyinyi mnajua mapema zaidi. Mnaijua siku ambayo mwenzenu aliacha bangi tupu akaanza kuvuta kokteli, bangi iliyochanganywa na heroini. Mnamwona mchana kweupe akibembea huku amesimama, kichwa kinashuka taratibu mpaka karibu na magoti, na haanguki. Hata anayemuuzia kete za unga mnamjua. Kwa hiyo maneno haya yasipokufaa wewe leo, yatamfaa aliyekaa pembeni yako.

Nimeuguza wagonjwa wa akili tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, na jambo ninalotaka mlishike ni hili: unga ni nadra kuja peke yake. Mara nyingi kuna kitu kilichomtangulia, na kitu hicho kisipotafutwa na kutibiwa, kijana ataacha mara kumi na kurudi mara kumi, na watu watasema ana kichwa kigumu.

Nilimjua kijana mmoja mpagazi wa hapa sokoni, jina lake nalihifadhi. Alikuwa na mwili wa kazi, gunia la viazi analipandisha ghorofani bila kutua. Usiku walikuwa wakishusha mizigo ya maroli. Usiku mmoja roli likarudi nyuma likambana mwenzake ukutani, nao walikuwa wawili tu pale nyuma. Marehemu akasafirishwa kwao kuzikwa, na usiku uliofuata mizigo ikashushwa kama kawaida. Huyu aliyebaki akakosa usingizi. Akifumba macho anasikia mlio wa roli linalorudi nyuma. Akajaribu pombe, akajaribu bangi, mwisho mtu akampa kokteli, na usiku ule akalala. Ndugu zake walipogundua, walimpiga, wakamfungia chumbani, wakampeleka kijijini, wakamwombea dua. Kila mara aliacha, na kila aliporudi kuwa na akili timamu ule mlio ulimrudia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza analalaje.

Aliyemuuliza ni daktari wa magonjwa ya akili, tena lilikuwa miongoni mwa maswali yake ya mwanzo. Unalalaje? Unaota nini? Umewahi kutamani usiamke? Nyumbani mko wangapi, na nani bado anakusemesha? Kijana alijibu kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza roli lile likatajwa mbele ya mtu aliyekuwa anaandika. Kiwewe chake kikaanza kutibiwa pamoja na uraibu wake, chini ya paa moja, na kundi moja la wahudumu. Haikuwa safari nyepesi. Lakini alikuwa anatibiwa yeye, yote aliyokuwa nayo, na si mkono wake wa kushika kete tu.

Mjue unga unavyofanya kazi, maana mtu hatishwi na asichokijua, au hutishwa kupita kiasi. Heroini huingia kwenye ubongo na kukaa palepale panapotumiwa na vitulizo vya maumivu ambavyo mwili hujitengenezea. Ikija kila siku, ubongo hujipanga upya kuishi nayo. Isipokuja, baada ya saa chache arosto inaanza: makamasi, jasho, tumbo la kuharisha, mifupa inauma, vinyweleo vinasimama, na juu ya yote huzuni nzito isiyo na jina. Huyo anayekuomba mia tano huku anatetemeka, wakati huo hatafuti raha. Anatafuta kuwa kama wewe ulivyo sasa hivi bila kutumia chochote.

Methadoni hukaa mahali palepale, lakini huingia polepole na kudumu mwilini zaidi ya siku nzima. Ikipimwa vizuri, mtu habembei na haingii arosto. Waliotuonyesha njia hiyo walikuwa New York katikati ya miaka ya 1960: Vincent Dole, Mary Jeanne Kreek na Marie Nyswander. Huyu Nyswander alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na tangu mwaka 1956 alikuwa ameandika kitabu kizima kutetea kwamba mraibu ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Kwetu kliniki ya kwanza ya serikali ilianza Muhimbili, Februari 2011, na miongoni mwa walioisimamia ni daktari wa magonjwa ya akili, Jessie Mbwambo. Baadaye ikaja Mwananyamala, kisha Temeke, na leo huduma imefika Zanzibar, Tanga, Mbeya, Mwanza na Dodoma. Kwa mtu wa Kariakoo, Muhimbili ni mwendo wa miguu: unapita Faya, unashika Barabara ya Umoja wa Mataifa, umefika. Sisemi hivyo kwa mzaha. Mtu anayetakiwa kufika kila siku ya Mungu, naye hana nauli, umbali ndio huamua kama atapona.

Ukimsindikiza, angalia kinachotokea kwenye dirisha la dawa. Muuguzi hamkabidhi dawa kama anayeuza soda. Anamwangalia usoni kwanza: anasinzia? Ananuka pombe? Jana alikuja? Akiridhika, anamimina dozi kwenye kikombe kidogo. Mgonjwa anakunywa palepale, anafuatisha maji, kisha anasema neno ili ionekane amemeza. Ni dakika moja tu. Lakini kwa wengi wao hiyo ni dakika ya kwanza katika siku ambayo mtu amewaita kwa jina walilopewa na wazazi wao.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi huanguka na lawama huenda kusikohusika. Maskani wanapokusanyika watumiaji ni mahali pa kubanana, na kifua kikuu kinapenda mahali kama hapo. Mtu anaanza methadoni, anatulia, kisha anapimwa kifua na kuanzishiwa dawa za TB. Mojawapo ya dawa hizo, rifampisini, huliamsha ini liivunje methadoni haraka kuliko kawaida. Ndani ya siku chache dozi iliyokuwa inamtosha haitoshi tena. Usiku anaamka ana jasho, mifupa inauma, anajiambia methadoni imenishinda, na asubuhi anakwenda kwa pusha badala ya kwenda kliniki. Mtaani watasema hao hawaponi. Kumbe lililotakiwa ni daktari wa kifua na daktari wa methadoni kuzungumza, dozi ikapandishwa, na akimaliza dawa za TB ikashushwa tena kwa uangalifu. Baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI nazo hufanya hivyohivyo. Ndiyo maana nawaambia mwenzenu asiwe na siri kliniki. Kila kidonge anachomeza kitajwe, hata valium alizonunua dukani, hata gongo. Valium na pombe juu ya methadoni huweza kusimamisha pumzi usingizini.

Na hapohapo niseme habari ya kumfungia mtu ndani. Najua wazazi hufanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mwili uliokaa majuma bila unga husahau kuuhimili. Akitoka na kuvuta au kujidunga kiasi kilekile cha zamani, kiasi hicho huweza kumuua siku hiyohiyo. Hivyo ndivyo wengi wanavyofariki baada ya kutoka gerezani, au kwenye nyumba ya upataji nafuu, au kwenye chumba walichofungiwa na mjomba. Siku anayotoka ndiyo ya kuwa naye karibu kuliko siku aliyoingia. Mlevi wa miaka mingi naye asikatishwe pombe ghafla nyumbani: atatetemeka, ataona vitu visivyokuwepo, huenda akapata degedege, na hiyo inaua. Apelekwe hospitali.

Hizo nyumba za upataji nafuu sizibezi. Kigamboni, Bagamoyo na Unguja zimewainua wengi, hasa kwa sababu anayekuongoza ni mtu aliyewahi kulala barazani kama wewe. Ninachowaomba wanaoziendesha, na wazazi wanaolipa, ni kwamba daktari wa akili asiwe mgeni humo. Mwenye sonona hatapona kwa kuambiwa ajikaze. Anayesikia sauti anahitaji dawa ya sauti, na akiipata hajavunja ahadi yake ya kuacha dawa za kulevya. Msichana aliyeingia kwenye unga baada ya kubakwa hawezi kusimama kusimulia mbele ya wanaume thelathini. Mtafutieni mwanamke wa kumsikiliza, tena faragha.

Kuna jambo la mahali pia. Baada ya vita vya Vietnam, mtafiti wa Marekani Lee Robins aliwafuatilia askari waliokuwa waraibu wa heroini kule vitani. Wengi wao waliporudi makwao hawakurudi kwenye uraibu, jambo lililowashangaza wakubwa. Walikuwa wameacha nyuma woga, upweke, na heroini ya bei chee. Sasa geuzeni habari hiyo. Kijana wetu anapelekwa Handeni kwa bibi yake, ananenepa, anacheka, analima. Anarudi, anashuka stendi ya Magufuli, anapanda gari la mjini, na akikaribia Msimbazi tumbo linaanza kumvuruga na mate kumjaa mdomoni, kabla hata hajamwona mtu. Mwili unaikumbuka kona. Hajadanganya aliposema amepona. Amerudishwa tu mahali palepale, kwa watu walewale, bila kupangiwa chochote.

Kupanga huko ndiko kazi yenu, na daktari hawezi kuwafanyia. Mtumiaji wa unga ana shughuli kutwa: kutafuta hela, kumtafuta pusha, kukwepa mgambo, kuanza upya. Akiacha, saa tatu asubuhi ameshakunywa dozi yake na siku yote iliyobaki ni tupu. Mchana ule mtupu ni wa hatari kuliko watu wanavyodhani. Mpeni kazi inayoanza baada ya kliniki, na msimfukuze kwa kuchelewa siku foleni ikiwa ndefu. Mwanzoni asishike fedha nyingi. Noti mfukoni nayo ni kona ambayo mwili unaikumbuka. Kaeni naye mkubaliane, kwa ridhaa yake, ujira uende kwa simu ya dada yake au kwenye kibubu, naye abaki na ya chakula na nauli. Msimtume benki siku ya kwanza, na msimpekue kila jioni. Mkabidhini kitu kidogo chenye maana, ufunguo wa stoo ndogo au daftari la mizigo, na muda ukipita mwongezeeni.

Akiteleza, asiogope kuwaambia. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi, kama pumu na kisukari zinavyoweza kurudi kwa aliyekuwa anaendelea vizuri. Mwulizeni kilichotokea siku mbili kabla. Mara nyingi mtasikia habari ya usingizi, au ugomvi nyumbani, au msiba ambao hakualikwa. Hilo la misiba na harusi naliona kubwa kuliko watu wanavyolichukulia. Mtu asiyeitwa kwenye mazishi ya shangazi yake kwa sababu ataiba viatu msikitini, huyo ameshaambiwa na ukoo kwamba amekufa kabla ya marehemu. Mwiteni. Mkalisheni karibu na mjomba. Viatu tutavilinda.

Kwa imani zenu, ombeni, na shehe au padri amtembelee. Lakini asije mtu akamwambia atupe dawa kwa kuwa ameombewa. Na kwenu Waislamu, Ramadhani inapokaribia, asikatishe dozi kimyakimya ili afunge. Azungumze na daktari wake mapema, kisha na shehe wake. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Kurani yenyewe, Sura ya Al-Baqara, na aliyesimamishwa na dozi ya kila siku ni mgonjwa anayetibiwa.

Kama anayesoma haya ndiye mwenyewe anayetumia, mjukuu wangu, huna haja ya kuacha kwanza ndipo uende. Nenda ukiwa hivyo ulivyo. Wafanyakazi wa asasi wanaopita maskani wanajua utaratibu wa kukuingiza kliniki, wafuate. Simu ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119, na haitozwi. Ukifika, daktari akikuuliza umetumia nini na kwa muda gani, jibu kweli. Kisha, hata asipokuuliza, mwambie kilichokuwa kinakusumbua kabla ya kete ya kwanza: usingizi, kifo, kipigo, sauti, njaa, chochote kile. Mwambie aandike kwenye faili. Na wewe rafiki yake uliyemsindikiza, usimwache getini. Kaa naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe, na kama umeacha kibanda, mwombe jirani akuangalizie mpaka saa nne.