Shylock Alifuata Sheria

Mwenye nyumba wetu aliwahi kumtoa mpangaji mmoja mvua ikinyesha. Kodi ilikuwa imechelewa, mkataba ulisema wazi, na mzee alikuja nao mkononi. Godoro likalowa. Mimi nilisimama mlangoni nikasema kimoyomoyo: si alisaini mwenyewe? Usiku usingizi ukanipaa. Nikamkumbuka Shylock.

Ndugu msomaji, Shylock unamjua. Ni yule mkopeshaji wa tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Antonio alikopa kwake dukati 3,000 kwa miezi mitatu, ili amsaidie rafiki yake Bassanio. Asipolipa, akatwe ratili moja ya nyama ya mwili wake. Siku ikapita, ikasemekana meli za Antonio zimezama, Shylock akaenda mahakamani na kisu. Bassanio akamtolea 6,000. Akakataa. Anataka nyama tu.

Sasa kosa lake ni nini? Hakuiba, hakughushi. Antonio alikubali mwenyewe, tena kwa hiari.

Hapa tumwite Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 alisema kitu pekee kilicho chema bila masharti ni nia njema. Akili, ujasiri, utulivu, vyote vizuri, lakini mpe mwovu uone! Utulivu wake ndio unaomfanya awe hatari zaidi. Wazee wetu nao walishasema: nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Kant anatoa mfano wa mwenye duka asiyempunja hata mtoto mdogo. Safi kabisa. Lakini kama anachoogopa ni kupoteza wateja tu, basi amefanya linalotakiwa, ila hakulifanya kwa sababu ni haki. Wema haumo.

Kwa kipimo hicho Shylock anaanguka. Karatasi yake ni safi, nia yake ni kisasi. Kant ana na kipimo cha pili: usimtumie binadamu kama chombo tu. Hapa mtu mzima kageuzwa nyama ya bucha!

Lakini jamani, tusifunge kitabu mapema. Mizani ikishatolewa, wapimwe wote. Antonio huyu tunayemlilia alikuwa akimtemea Shylock mate na kumwita mbwa. Hata siku ile ya kuomba mkopo alimwambia huenda akamtemea tena. Kwake Yahudi yule alikuwa nini kama si sanduku la fedha lenye miguu? Na mahakama je? Portia anamwokoa Antonio kwa hoja kwamba mkataba umetaja nyama, haukutaja damu. Sawa, roho imepona. Kisha Antonio anadai Shylock aache dini yake awe Mkristo, na wale wale waliotoka kuhubiri huruma wanakubali! Sheria imebadili mkono tu, kisu ni kile kile.

Simtetei Shylock. Kutemewa mate hakumpi mtu ruhusa ya kumchinja mwenziwe. Ninachosema ni kwamba Shakespeare kwenye jina alimtaja mfanyabiashara mmoja, Nyerere akaandika mabepari. Wengi.

Nasi tunaojifunza kuandika tuna la kuchukua hapo. Mwovu wa hadithi zetu huwa na macho mekundu na kitambi, msomaji akimwona anajua huyu siye mimi, anapumua. Ni hatari hiyo. Manazi waliipandisha jukwaani tamthilia hii hii kuwachafua Wayahudi, kwa sababu ni rahisi mno kumwonyesha mwovu mmoja na kuwaficha waliomzunguka. Basi mwovu wetu tumpe karatasi safi mkononi, na pembeni yake tuwaweke watu wema, tuwaulize nao nia zao.

Maana nami nilikuwa pembeni. Mwenye nyumba alikuwa na mkataba. Mpangaji alikuwa na mikono miwili, na godoro lilitaka minne. Yangu ilikuwa mifukoni.