Ni Nani Awezaye Kumpima Mganga?

Kule Nungwi, katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, watu wajua sana kupima kazi ya fundi. Tangu zamani majahazi hujengwa pale pwani, wala mnunuzi hakubali chombo kwa sababu fundi ana maneno matamu. Huutazama mkuku na mataruma, huzigonga mbao kwa vidole, huuliza habari za kalafati. Lakini watu hao hao waendapo kutibiwa, wakirudi husema neno moja tu: "Mganga yule ni mzuri," au, "Mganga yule hafai." Ukiwauliza sababu, mmoja husema alichomwa sindano; mwingine husema alinyimwa dawa. Basi yatupasa tujiulize, je, mgonjwa aweza kumpima mganga aliyesoma miaka mingi? Na kama aweza, ampime kwa kipimo gani?

Wako wasemao kwamba hawezi, nao hushika mithali: Mgonjwa haulizwi uji. Kwao mgonjwa hajui limfaalo. Kazi yake ni kumeza apewacho na kunyamaza. Neno hili lina kweli ndani yake. Katika miaka ya 1920 watu wengi wa Afrika ya Mashariki walichomwa sindano za buba, na vidonda vikapona upesi mno. Tangu hapo wengi walidhani kila ugonjwa wataka sindano, na mganga asiyechoma si mganga. Tena tazameni habari za malaria. Tangu 2003 serikali ya Zanzibar ilianza kutoa dawa mpya za mseto. Vikafuata vyandarua na kunyunyizia nyumba dawa ya mbu. Kabla ya 2010 malaria ilikwisha kushuka hata chini ya mtu 1 katika kila 100 waliopimwa. Kwa hiyo homa nyingi kisiwani si malaria. Mganga apimaye damu kwanza, kisha akakataa kutoa dawa ya malaria kwa sababu malaria haimo, amefanya kazi njema, ijapokuwa mgonjwa arudi kwake akinung'unika.

Basi je, tunyamaze? Hapana. Sikieni habari za mji wa Vienna, nchi ya Austria. Katika hospitali kubwa ya mji ule palikuwa na nyumba mbili za kuzalia: ya kwanza ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Wanawake waliiogopa mno ile ya kwanza, hata wengine walilia na kuomba wasipelekwe huko. Wenye elimu wengi hawakuisikiliza hofu yao. Lakini daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, alihesabu waliokufa katika kila nyumba, akaona kwamba wanawake wana haki ya kuogopa. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuwashika wenye kuzaa kwa mikono ile ile. Mwezi wa Mei 1847 akaamuru mikono ioshwe kwa maji yenye klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa karibu wanawake 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa kama 2 tu.

Wanawake wale hawakujua sababu ya kifo, lakini walijua mahali kilipo. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mganga ajua ugonjwa. Mgonjwa ajua kitanda. Elimu ya mmoja haiondoi ujuzi wa mwingine.

Sasa kipimo ni kipi? Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani, aliandika kwamba matibabu yapimwe kwa mambo matatu: vifaa na watu waliopo, kazi ifanywavyo, na matokeo yake. Fundi wa Nungwi angesema: mbao, ujenzi, na bahari.

Kwanza mbao. Je, maji yapo? Dawa zipo? Waganga na wakunga watosha? Hapa tuangalie tusimdhulumu mtu. Kabati likiwa tupu, si haki kumtukana muuguzi aliyesimama mbele yake. Yafaa tumwulize mwenye wajibu wa kulijaza.

Pili ujenzi. Hapa hata asiyesoma aweza kuona mengi. Je, mganga alinawa mikono? Aliuliza ugonjwa ulivyoanza, au aliandika dawa kabla hatujamaliza kusema? Mama alisitiriwa, au alivuliwa nguo mbele za watu? Alielezwa dawa inywewe vipi na kwa siku ngapi? Na ugonjwa ulipozidi nguvu za kituo, je, alipelekwa mapema hospitali ya Kivunge au Mnazi Mmoja mjini, au alicheleweshwa kwa aibu ya kukiri kwamba mambo yamemshinda mganga?

Tatu bahari. Jahazi bovu laweza kufika salama likipata maji shwari, na jahazi imara laweza kuzama katika dhoruba. Kadhalika mafua hupona yenyewe, na mzee mwenye ugonjwa mkubwa aweza kufa katika mikono mizuri kabisa. Kwa hiyo tusimhukumu mganga kwa maiti mmoja, wala tusimtukuze kwa mmoja aliyepona. Lazima kuhesabu wengi, kama alivyofanya Semmelweis.

Wengine watasema, "Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitangaza matibabu bure. Apewaye bure aulizeje?" Twajibu kwamba kitu hiki si zawadi ya mtu mmoja, hulipwa kwa mali ya watu wote. Tena katika tangazo la Alma-Ata la mwaka 1978 mataifa yalikubaliana kwamba watu wana haki, tena wana wajibu, ya kushiriki katika kupanga matibabu yao na kuyatimiza. Na liko jambo zito zaidi. Tajiri asiporidhika huenda kwa mganga mwingine mjini. Mama mwenye uchungu usiku, mke wa mvuvi asiye na gari, hana mlango mwingine wa kubisha. Ni kwa ajili yake hasa kazi ya mganga ipimwe mchana, kabla usiku wake haujafika.

Lakini apimaye ana deni lake. Aseme aliyoyaona, si aliyoyasikia barazani. Amwambie mganga mwenyewe, au wazee wenye kamati, kuliko kumchafua nyuma yake. Naye asimfiche mganga habari za ugonjwa, maana mficha maradhi, kifo humfichua. Na akitendewa vema, ashukuru kwa kulitaja jambo lenyewe: "Ulinawa mikono, ulinisikiliza, ulinieleza." Shukrani ya namna hiyo humfundisha mganga ni lipi alishike, kama vile lawama ya kweli imfundishavyo ni lipi aliache.