Salamu Mbele ya Mashahidi

Ukiichambua salamu ya redioni, hukuti habari ndani yake. Mtu wa Mtwango anamsalimu shemeji yake wa Makambako, ambako basi la asubuhi lingemfikisha kabla chai haijapoa. Anamtaja mjomba aliyeko Tanga, mwalimu wake wa darasa la nne, mafundi wenzake wote na "wengine wote wanaonifahamu", kisha anafunga kwa ujumbe: tuombeane uzima. Hakuna aliyeoa, hakuna aliyeugua, bei ya mahindi haikutajwa. Na bado mtu huyo alinunua kadi ya salamu dukani, akaijaza majina mpaka pembeni, akaipeleka posta, kisha akasubiri wiki, pengine miezi, na kila kipindi kilipoanza alisogea karibu na redio jina lake lisije likampita.

Alikuwa ananunua nini? Jibu linalotolewa siku zote ni kwamba watu hawakuwa na simu. Halinitoshi. Yeye na shemeji huyo walikwishaonana gulioni na kuulizana hali mpaka wakachoka. Kilichokosekana pale gulioni ni mashahidi. Kadi ile ilinunua masikio ya watu wasiowajua wote wawili, ili wasikie kwamba huko Mtwango yuko mtu, ana shemeji, na anamkumbuka.

Jambo hili lilionekana wazi zaidi katika matangazo ya vifo. Kituo kilichoyasoma kilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, kikageuka kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, na kwa Tanzania Bara hakukuwa na kituo kingine cha nchini mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungulia watu binafsi mlango. Kwetu Njombe, nyanda za juu kusini, sauti hiyo ilifika kwa mikwaruzo, ikizama na kuibuka. Betri zilitunzwa kama dawa. Kwingine walizianika juani zipate nguvu kidogo, lakini Njombe ya Juni na Julai ina ukungu, na jua lenyewe ni la kuomba, kwa hiyo ziliwekwa kando ya mafiga. Muziki uliweza kukatizwa ili kuokoa betri. Taarifa ya habari na matangazo ya vifo, hapana.

Sababu ilikuwa ya kweli kabisa. Wabena na Wakinga walikuwa wametawanyika: wengine walikwenda mkonge Tanga na Morogoro, wengine chai Mufindi, na reli ya TAZARA ilipokabidhiwa rasmi mwaka 1976, Makambako ikawa mahali pa kupandia treni kwenda Mlimba, Kilombero na Dar es Salaam. Ndugu akifa Lupembe, barua ingefika baada ya arobaini. Redio ilifika jioni ileile. Fulani wa Lupembe, Njombe, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi. Habari ziwafikie fulani wa Korogwe, fulani wa Kilosa, na ndugu na jamaa popote walipo.

Sasa angalia waliokuwa wanasikiliza. Nyumba nzima ilinyamaza, watoto wakakemewa, hata pale ambapo hakuna jina hata moja lililowahusu. Bibi ambaye maisha yake yote hakuvuka mto wa pili alinyamaziwa kwa nusu dakika na mvuvi wa Mafia na mfugaji wa Sumbawanga. Na msomaji alikuwa yuleyule aliyetoka kusoma safari ya Rais, sauti ileile, mwendo uleule, bila kupunguza heshima. Sijui ofisi nyingine ya serikali iliyomtamka mkulima wa Lupembe kwa namna hiyo.

Najua kumbukumbu ina tabia ya kupamba. Redio hiyo ilikuwa moja, na lisiloipendeza serikali halikusikika. Nyumbani ilikuwa mali ya baba. Mama aliisikia kupitia ukuta wa jikoni, akikosa nusu ya maneno kwa moshi na kelele za sufuria. Na wale tunaowakumbuka leo wamekaa pamoja barazani kwa jirani, tukisema siku zile watu walipendana, wengi wao walikaa pale kwa sababu hawakuwa na fedha ya betri.

Zikaja redio za kwetu. Uplands na Kings pale Njombe, Ice FM Makambako. Njombe yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012, ikiachana na Iringa. Mtangazaji anafungua kwa kamwene, salamu ya kwetu, kisha anarudi kwenye Kiswahili, maana kanuni za utangazaji zinadai hivyo. Uwemba inatajwa bila kuelezwa iko wilaya gani. Bei ya viazi inajulikana, barabara iliyokatika inalalamikiwa, diwani anaulizwa maswali papo hapo. Hii ni faida kubwa, na anayeibeza hajawahi kuuza viazi. Ila mjomba wa Tanga hasikii. Mashahidi wetu sasa ni watu ambao tayari wanatufahamu.

Simu imekwenda mbali zaidi. Kifo kinaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kabla maiti haijatolewa wodini, na kila anayehusika anajua. Asiyehusika hajui kitu. Poleni zinaandikwa thelathini kwa mfuatano, zote za watu wenye wajibu wa kuziandika. Kwa kasi hakuna wa kulalamika. Lakini ile nusu dakika ya ukimya wa asiyekuhusu, isiyodaiwa wala kulipwa, haipo tena, na kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito. Kupendwa na ndugu kunatarajiwa. Kusikilizwa na mgeni, kwa jambo lisilompa faida, ndiko kulikomfanya mtu wa Lupembe kuwa mtu wa nchi.

Radio Tanzania iliwarekodi wanamuziki wa bendi na kuzitunza kanda, ndiyo maana hata leo tunazisikia nyimbo za miaka ya 1970. Wenye vituo vya Njombe na Makambako, fanyeni hivyo kwa salamu na matangazo ya vifo mnayosoma leo. Yasomeni kamili, na vijiji vyake vyote, bila kuyapitishia muziki chini wala kuyaharakisha kwa sababu tangazo la biashara linasubiri, kisha mtunze rekodi. Nawe uliyebaki na kadi ya zamani ya salamu kwenye sanduku la nyumbani, usiiwashie moto. Wapelekee waisome hewani.